Miguu kwanza, shoti baadaye

Ndugu, umeuliza kama farasi waliopumzika miezi miwili waanze kupigishwa shoti, yaani mbio za kasi, wiki hii ili wawahi msimu wa mashindano ya mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Mimi nasema hapana. Pumzi hurudi upesi, kano, zinazoshikisha misuli kwenye mifupa, na mifupa yenyewe huchelewa. Farasi ataonekana yuko tayari kumbe miguu bado. Wape kwanza majuma kadhaa ya kutembea na kukimbia polepole. Kila asubuhi, kabla ya kuwatoa, pitisha kiganja nyuma ya miguu ya mbele, chini ya goti. Ukihisi joto au uvimbe, hakuna kazi siku hiyo. Mwite daktari wa mifugo. Nafaka uiongeze kazi ikishaongezeka, si kabla. Na chanjo ya tauni ya farasi, ugonjwa unaoenezwa na usubi, usiisubirishe mpaka mvua zianze.