Barua kwa Mwanangu: Kinachomfunga Asiyeogopa

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia habari za mwenzenu wa kazini aliyekuwa wa kwanza kupokea fedha za mchezo wenu wa kuchangiana kwa zamu, kisha akahamia mji mwingine na kubadilisha laini ya simu, akawaachia pengo wewe na wenzako kumi. Ukaniuliza: "Baba, kama haogopi polisi wala siku ya hukumu, akili yake inamkataza nini?"

Nitakujibu kwa akili peke yake, kama ulivyotaka. Imani yangu unaijua, na siionei haya. Leo naiweka kando kwa kuwa naamini hata asiye nayo anadaiwa deni lile lile.

Hoja ya mwenzenu ni ya zamani. Mwaka 1651, Uingereza ikiwa bado katika machungu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwanafalsafa Thomas Hobbes aliiweka kinywani mwa mtu aliyemwita mpumbavu: kuvunja mapatano kukinifaa, akili hainizuii. Hobbes akamjibu kwamba watu hupata usalama kwa kuungana, na mvunja ahadi hupokelewa na wenzake pale tu wanapokosea kumtambua. Maisha yake yote yanategemea makosa ya watu wengine. Jibu hilo linamtosha atakayerudi kuwahitaji watu wale wale. Mwenzenu kahama, na huko aliko hawamjui. Kwa hiyo tusiishie hapo.

Mwaka 1785 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alitoa mfano unaofanana sana na wenu: mtu mwenye shida anakopa na kuahidi kulipa, huku akijua hatalipa. Kant aliuliza kama mwendo huo unaweza kuwa kanuni ya watu wote. Hauwezi. Kila mwenye dhiki akiahidi hivyo, hakuna ahadi itakayoaminiwa, na hata yeye hatapata wa kumkopesha. Hapa nakuomba usome taratibu. Mwenzenu hakutaka mchezo ufe. Alitaka mtoe wote bila kukosa, maana bila hivyo asingepata kitu. Sheria ile ile aliyoitegemea ndiyo aliyojitoa ndani yake. Ukimwuliza ana nini cha kumtofautisha nanyi, atabaki na neno moja tu, "mimi ni mimi", na kila mmoja wenu anaweza kulisema. Fedha alizihesabu sawasawa, lakini hana hoja anayoweza kuwaeleza ninyi mkaikubali.

Utaniuliza, na wasioweza kutoa chochote je? Bibi yako siku hizi ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Hawezi kutulipa wala kutuadhibu. Maadili yangekuwa mapatano ya kunufaishana tu, tungekuwa na ruhusa ya kumtelekeza. John Rawls, mwanafalsafa Mmarekani, aliandika mwaka 1971 kwamba sheria za haki ni zile ambazo watu wangezichagua kabla ya kujua kila mmoja ataangukia nafasi gani. Ninyi mlifanya hivyo hasa: kiasi, tarehe na faini mlipatana kabla ya kuokota karatasi za zamu. Rawls alianza na watu wanaoweza kushirikiana maishani mwao mwote, akayaweka kando mambo ya wagonjwa kama bibi. Mimi sioni kwa nini wasubiri. Kama sijui nafasi yangu, huenda nafasi yangu ni kitanda cha bibi yako, na yanipasa kutaka sheria ambayo ningeikubali nikiwa nimelala pale. Mama yako humlisha uji kwa upendo bila kupita njia hii ndefu, nami namshukuru sana. Lakini wewe umeuliza kuhusu siku ambayo upendo haupo.

Basi kuhusu mchezo wenu, msiuvunje. Kaeni na kijumbe, anayewakusanyia michango, mgawane pengo lile sawa kwa sawa. Asije akalibeba peke yake aliyeokota zamu ya mwisho, kwa kuwa mlipopatana hakuna aliyejua kwamba atakuwa yeye. Na mkimpata mwenzenu kwa simu, msimtukane. Mwulizeni anachodhani mngestahili kumfanyia kama angekuwa yeye wa kumi na mbili, kisha mpangieni alipe kidogo kidogo.

Nijulishe mtakavyoamua.

Baba yako