Mwanao anachoma vitu? Usianze na fimbo

Juzi mama mmoja ameniandikia. Mwanawe wa miaka 11 amechoma pazia, na hii ni mara ya tatu. Baba anataka kumpeleka polisi "akashikishwe adabu". Ujumbe ule niliurudia mara nne, maana mtoto huyo nilikuwa mimi.

Nilianza na makaratasi nyuma ya nyumba. Nilipofika miaka 12 nikachoma banda la kuni. Nilidhani ndoo moja ya maji ingetosha. Niliporudi nayo paa lilikuwa limeshika. Nilichapwa, nikabandikwa jina la "Kiberiti", binamu zangu wakakatazwa kulala nami chumba kimoja. Mwaka jana harusini mjomba alilitaja jina hilo kwa utani, watu wakacheka. Mimi sikucheka. Hakuna aliyekumbuka kwamba wiki ile ya banda ndiyo wazazi wangu walitengana. Na fimbo zilinifunza nini? Kujificha vizuri zaidi.

Aliyenitoa huko ni shangazi. Aliniuliza swali moja: "Kabla hujashika kiberiti, kulitokea nini?" Kisha akanipeleka kwa mshauri nasaha. Tuliichora siku ile kama katuni: kilichotokea, nilichohisi, nilichofanya, kilichofuata. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba kila moto wangu ulitanguliwa na ugomvi wa nyumbani. Sijawasha tena, na najivunia hilo kuliko cheti chochote nilichonacho.

Kwa hiyo, mama, fungia viberiti vyote, hata vile vya gesi vya wageni. Halafu uliza. Mtoto wa miaka mitano mara nyingi ni udadisi tu. Wa 11 anayerudia na kujificha huenda ana hasira, anaonewa shuleni, au kuna anayemtesa. Usikimbilie kumwita mgonjwa. Piromania, yaani ugonjwa wa akili wa kushindwa kujizuia kuwasha moto, ni nadra sana kwa watoto. Picha za watu walioungua usimwonyeshe. Mimi nilionyeshwa, nikaota jinamizi, na bado niliwasha.

Waulize pia zimamoto, kwani katika nchi kadhaa wana mpango maalumu wa watoto kama hawa. Ila ziara moja isiwatosheleze. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 uliona kwamba watoto waliopata tiba ya kubadili fikra na tabia, au mafunzo kamili ya usalama wa moto, walinufaika zaidi ya waliotembelewa tu na mzimamoto.

Wazazi wenzangu, tunaogopa majirani kuliko tunavyowaogopea watoto wetu. Tunaficha pazia lililoungua, tunanunua jingine, tunanyamaza. Aibu hiyo ni yetu, lakini anayebebeshwa ni mtoto.

Mama, leo jioni kaa naye. Akinyamaza, kaa tu. Shangazi alikaa nami jioni mbili kabla sijafungua mdomo.