Kabla hujachora bustani ya mjini, kaa humo kutwa nzima

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kuchora bustani na viwanja vya mjini nilikabidhiwa bustani ya katikati ya mji mmoja wa mkoani. Ni zile mnazozijua: nyasi zilizokauka, mnara katikati, uzio wa chuma ulioliwa na kutu, mageti manne na matatu yake yana kufuli. Agizo lilikuwa fupi: pageuzwe uwanja wa watu, pa kutembea na kupumzika, magari yakae nje. Nilifika saa 4 asubuhi na kamera, nikapiga picha, na saa 6 nilishakuwa ofisini mbele ya kompyuta. Mchoro ulipendeza mno, hadi ukabandikwa ukutani. Uwanja ulipokamilika, watu waliupita tu.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoingia kazini sasa, kwa sababu naona michoro yenu na naliona kosa langu lile lile, ila limepakwa rangi nzuri zaidi.

Niwaeleze lilivyokuwa. Ile bustani ya zamani ilikuwa na kinjia cha udongo kilichokatiza nyasi mshazari, kutoka kwenye tundu la uzio karibu na kituo cha daladala hadi upande wa sokoni. Mimi nilikiona ni uharibifu. Nikakifuta, nikapanda maua, nikaweka na kizuizi cha chuma cha kufika magotini. Haikupita wiki mbili, maua yakawa matope na chuma kimepinda. Nikaagiza chuma kinene zaidi. Mlinzi, mzee mmoja mpole, ndiye aliyenivuta pembeni. "Mhandisi," aliniambia (mimi si mhandisi, lakini kwetu ukishika karatasi iliyoviringishwa wewe ni mhandisi tu), "wale wana mizigo kichwani na daladala inaondoka. Wazungukie wapi?"

Kumbe kile kinjia kilikuwa mchoro ambao mji mzima uliuchora kwa miguu kwa miaka mingi, bure, bila kulipwa posho. Mimi nikaufuta kwa kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukitaka ishia hapo: nenda ukakae. Fika saa 12 asubuhi, ondoka saa 3 usiku. Fanya hivyo siku ya kazi, kisha Ijumaa, kisha Jumapili, maana bustani ya mjini hubadilika kwa saa za swala, za ibada na za ofisi kufungwa. Chukua ramani ya eneo iliyochapwa kubwa, na penseli za rangi tatu: asubuhi, mchana, jioni. Kila mtu anayeketi, weka nukta alipoketi. Kila anayepita, vuta mstari. Usimhoji mtu siku ya kwanza. Ukiuliza watu wanataka nini watakutajia chemchemi ya maji. Ukiwatazama utaona wanatafuta pa kuegemeza mgongo.

Bustani ya pili niliyopewa niliikalia hivyo, na mama lishe mmoja alinifundisha kuliko muhula mzima wa chuo. Alifika kukiwa bado giza, akatua ndoo na jiko la mkaa chini ya mwarobaini, upande wa magharibi wa shina, maana ndiko kivuli cha asubuhi kinakoanguka. Kufikia saa 5 alishasogeza benchi lake mara mbili. Mchana alikuwa amejibana kwenye shina kabisa. Saa 9 alihamia mashariki. Wateja wake walihama naye bila kuambiwa, sahani mkononi. Nilipoweka zile nukta kwenye ramani zilizunguka mti ule kama mshale wa saa. Nikawaza mabenchi yangu ya zege ya mradi wa kwanza, yaliyofungwa chini kwa nondo, mstari mmoja, katikati ya jua.

Hapo pana jambo ambalo vitabu tunavyosomea havitusaidii sana, kwa sababu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanatafuta jua. Watakwambia weka viti vielekee kusini. Sisi tunatafuta kivuli, na jua letu lina mambo yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, jua la mchana liko upande wa kaskazini na kivuli cha jengo kinaanguka kusini. Desemba linahamia kusini na kivuli kinageuka. Ukipima kivuli mara moja tu, umepima nusu ya mwaka. Na jua baya kuliko yote si la saa 6. Ni lile la saa 10 jioni linalokuja ubavuni kutoka magharibi, saa ile ile ofisi zinafungwa na watu wangependa kukaa kidogo kabla ya foleni. Miti mikubwa ipande upande huo. Mwarobaini, mkungu, mwembe, chochote chenye mwavuli. Mivumo ya mapambo waachie wenye hoteli. Inapendeza pichani na kivuli chake hakitoshi kuku.

Jambo lingine la kuhesabu mkiwa mmekaa ni wanawake. William H. Whyte, Mmarekani aliyetumia miaka akirekodi viwanja vya New York kwa kamera, aliona kwamba viwanja vinavyopendwa huwa na wanawake wengi kwa uwiano kuliko vile vinavyokimbiwa. Mwanamke huchagua mahali kwa uangalifu zaidi. Ukiona kona ambayo hadi saa 11 jioni hakuna mwanamke aliyeketi peke yake, usikimbilie kuongeza taa kwanza. Chuchumaa pale na utazame: unaonekana kutoka barabarani? Unaweza kutoka kwa njia mbili?

Whyte huyo ndiye aliyeshauri kuhusu Bryant Park, bustani iliyo nyuma ya maktaba kuu ya New York. Miaka ya 1970 ilikuwa ya wauza dawa za kulevya. Shida kubwa ilikuwa ukingo wake: bustani iliinuliwa juu ya barabara, imezungukwa na uzio na ua wa miti, ukiwa nje huoni ndani. Ilifungwa 1988, ikafunguliwa tena 1992 ikiwa na milango mipana zaidi, ule ua wa miti umeondolewa, na viti vyepesi visivyofungwa chini, ambavyo mtu anavibeba mwenyewe hadi anapopenda. Wenzetu walishangaa kwamba viti haviibwi ovyo. Sitawadanganya kwamba kwetu mtaviacha nje usiku. Niliwahi kujaribu na asubuhi nikahesabu vilivyobaki kwa vidole. Lakini mchana vikisimamiwa na mtu mmoja, vinafanya kazi ile ile aliyokuwa anaifanya mama lishe na benchi lake.

Hapo tumefika kwa wauzaji, na hapa ndipo mtagombana na wakubwa wenu. Kila mradi wa "kupendezesha mji" huanza kwa hoja ya kuwaondoa machinga. Mimi nasema uwanja wa mjini usio na mtu wa kukuuzia kahawa au miwa ni kiwanja cha gwaride. Nendeni Forodhani, Unguja. Pale palikuwa pa forodha, pakawa bustani miaka ya 1930, pakachakaa, na mwaka 2009 pakafunguliwa upya baada ya ukarabati wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Kilichonivutia ni kwamba soko la chakula la usiku halikufukuzwa; lilipangwa likawa sehemu ya usanifu. Fika kabla ya magharibi uone linavyoota: meza moja, taa moja, moshi wa mishkaki, mpaka bustani nzima imejaa wenyeji na wageni, na vijana bado wanajirusha baharini kutoka ukutani huku watu wakiwashangilia. Chora meza zile kama unavyochora mti: zinahitaji nafasi, maji, mtaro wa maji machafu, pa kutupa majivu na umeme wa kupimwa. Bila hivyo mafuta ya kukaangia yataishia kwenye pevingi zako na hutayatoa milele.

Kabla ya penseli, lakini, tafuteni hati. Nasema kwa ukali. Ardhi ya katikati ya mji ina wachumba wengi. Jeevanjee Gardens ya Nairobi ilitolewa kwa wananchi mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, na bado mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuja mpango wa kujenga hapo maduka na maegesho. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliopinga, na bustani ikapona. Baadaye wananchi wakawa wanakutana humo kujadili siasa, wakajiita Bunge la Mwananchi. Ukikuta mipaka kwenye ramani ya upimaji haifanani na uzio uliopo, andika barua siku hiyo hiyo, weka na nakala yako.

Sasa tutoke nje ya bustani, maana wengi wenu mchoro wenu unaishia kwenye ukingo wa barabara. Uwanja wa waenda kwa miguu ambao huwezi kuufikia kwa miguu ni kisiwa. Simama kwenye kivuko na saa mkononi. Barabara ya mita 14, kijana anayetembea mita 1.2 kwa sekunde anaivuka kwa sekunde 12 hivi. Bibi mwenye kikapu anayekwenda mita 0.8 anahitaji kama 18. Kama taa inampa 12, bibi huyo hajaalikwa kwenye uwanja wako, hata ukimwekea benchi zuri namna gani. Mwombe mhandisi wa barabara ainue kivuko kifike usawa wa njia ya miguu, gari ndilo lipande na kushuka. Weka vigingi, kwa sababu bila vigingi bodaboda watageuza uwanja kijiwe kabla rangi haijakauka. Lakini wapeni na kijiwe chao rasmi, mita chache kutoka mlangoni, penye kivuli. Nao ni watu wanaoleta watu.

Kufunga barabara kabisa msikurupuke. Jaribuni kwanza kwa vitu vya bei rahisi. New York mwaka 2009 walifunga sehemu ya Broadway pale Times Square kwa vizuizi na viti vya plastiki vya kukunja. Sakafu ya kudumu ilikuja baadaye, walipoona watu wamekubali. Kigali nao walifunga mtaa wa KN 4 kwa magari mwaka 2015. Ulibaki lami tupu kwa muda mrefu, ndipo ukajengwa upya kwa miti, viti na pa kuchezea watoto, ukaitwa Imbuga City Walk. Kuyaondoa magari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa mtu sababu ya kubaki pale.

Vidogovidogo, haraka haraka. Mawe yaliyong'arishwa msiyaguse. Mvua ya kwanza ya masika niliona mama wa watu akienda chini na mtoto mgongoni, na mawe yale nilikuwa nimeyachagua mimi kwa rangi yake. Njia ya kiti cha magurudumu ni mwinuko wa 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu, si zaidi, na mkandarasi atakwambia "tumeweka" ilhali ameweka ubao wa kupandishia mikokoteni. Ipimeni wenyewe. Kiti kiwe sentimita 45 kutoka chini, na vingine viwe na mgongo na mikono, wazee wanahitaji pa kushika wakiinuka.

Choo ndicho kitakachoua uwanja au kuuponya, na hakuna mtu atakayekuja kukizindua kwa mkasi na utepe. Kwenye kikao cha bajeti watakwambia kitajengwa awamu ya pili. Mimi sijawahi kuona awamu ya pili. Kiwekeni karibu na mlango unaotumika zaidi, mbele ya macho ya watu, si nyuma ya miti. Na katika hesabu za uendeshaji andikeni mshahara wa anayekisafisha, kwa jina la kazi yake, kila mwezi, kabla ya kuandika taa za rangi.

Ile bustani yangu ya kwanza nilirudi miaka mitatu baadaye. Kizuizi cha chuma kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, kazi safi kabisa, na mtu fulani, sijui ni nani, alikuwa ametandika vipande vya pevingi zilizobaki kutoka kwenye tundu la uzio hadi upande wa sokoni. Mshazari. Vilikuwa vimekaa sawa kuliko vyangu.