Nani hasa wanaohudumiwa CTC mkoani Njombe? Majibu ya WAVIU Mshauri

Mleta mada, umeuliza kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu kwa watu wanaoishi na VVU, huku kwetu Njombe zinahudumia akina nani hasa. Umesema uonavyo wewe ni akina mama na watu wa hali ya chini tu, na kwamba wenye uwezo watakuwa wanajinunulia dawa kwingine. Mwishoni ukagusia shangazi yako anayehamia huku kutoka Dar akiwa tayari yuko kwenye dawa. Mimi natumia dawa, na kwa miaka mingi nimekuwa WAVIU Mshauri, yaani mtu anayeishi na VVU anayewasaidia wenzake kituoni: natafuta majalada, naongea na wateja kabla hawajaingia kwa daktari, nawapigia simu waliopitiliza tarehe.

Kwanza hilo la wenye uwezo. Dawa za kufubaza virusi huwezi kwenda kuzinunua duka la dawa. Tangu mpango wa taifa ulipoanza mwaka 2004 zinatolewa bure, na zinapatikana kwenye vituo vyenye CTC, viwe vya serikali, vya madhehebu au vya binafsi. Kwa hiyo mfanyabiashara wa mbao mwenye malori yake, mwalimu, mtumishi wa halmashauri na kibarua wa mashamba ya chai wote majalada yao yako kwenye makabati ya aina moja. Ila hawaji saa moja. Mwenye gari anakuja alasiri benchi likiwa tupu, tena siku hizi mteja aliye imara anaweza kupewa dawa za miezi sita, kwa hiyo unamwona mara mbili kwa mwaka. Anayekaa pale tangu asubuhi mara nyingi ni yule anayetegemea usafiri wa kijijini, au ambaye hali yake bado haijatulia na anatakiwa aje kila mwezi. Ukipita barabarani ukaangalia benchi, unawaona hao.

Akina mama kuwa wengi, hapo uko sahihi. Utafiti wa taifa wa 2022-23 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 nchi nzima, wanawake 5.6 na wanaume 3.0. Njombe ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 12.7. Lakini kliniki inaelemea upande wa wanawake kwa sababu nyingine pia. Mwanamke akishika mimba anapimwa kliniki ya wajawazito, na akikutwa na VVU anaanzishiwa dawa hapo hapo. Mwanaume hana mahali kama hapo ambapo afya yake inamlazimu kupita. Wengi niliowapokea waliletwa na kifua kikuu, au mke alikutwa na maambukizi akapewa karatasi ya kumwita mwenza, naye akakaa nayo miezi kabla ya kuja. Kampeni za tohara zilisaidia kuwapata vijana wa kiume, maana waliofuata tohara walipewa na nafasi ya kupima. Baba wa miaka arobaini na kitu anayepasua mbao porini hatukumpata kwa njia hiyo. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wenye VVU, asilimia 82.7 ndio waliojua hali zao, lakini kati ya waliojua, 97.9 walikuwa kwenye dawa. Kwa hiyo wanaotukosa zaidi ni wale ambao hawajapima. Akishajua, kwa kiasi kikubwa anakuja.

Sasa niseme jambo ambalo mtu wa nje halioni: wateja wetu wengi si wa jirani. Namba iliyo kwenye kadi ya CTC inaanza na tarakimu za mkoa, wilaya na kituo ulikoandikishwa, kwa hiyo ukizizoea unajua mtu ametokea wapi kabla hajafungua mdomo. Nakutana na kadi za Mbeya, za Ruvuma, za Dar. Wengine ni madereva na wafanyabiashara wa Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Wengine wamefuata kazi za chai, viazi, parachichi au mbao. Na wapo wa hapa hapa wanaokimbiana: wa Makambako anapanda gari kuja Njombe mjini, wa Njombe mjini anakwenda Makambako, kila mmoja akiogopa kukutana na shemeji yake kwenye foleni. Wanapishana njiani kilomita kama sitini. Nauli hiyo ni gharama ya unyanyapaa, na inanikera kuliko foleni yoyote, kwa sababu siku hela ikikosekana ndiyo siku anayoruka dawa.

Hapo hapo ndipo takwimu zinapovurugika. Mtu akihama kimya kimya bila barua ya uhamisho, huku alikotoka anaandikwa mtoro, na huko alikokwenda anajiandikisha upya kama mteja mpya. Nimewahi kumtafuta mama mmoja kwa simu mpaka nikafika kwa mwenyekiti wa kijiji, kumbe anameza dawa vizuri kabisa mkoa mwingine. Mtoro wa karatasini na mtoro wa kweli ni watu wawili tofauti, na kuwatofautisha kunahitaji mtu wa kufuatilia. Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, mradi uliokuwa unatulipa posho ulisimama, na baadhi yetu tukakaa nyumbani. Dawa kituoni kwetu zilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kupiga simu.

Makundi mengine nitayagusa kwa kifupi. Vijana waliozaliwa na maambukizi wapo, na wengi wamelelewa na bibi zao, hasa upande wa Makete ambako wazazi wengi walifariki kabla dawa hazijafika. Wanaosoma bweni ndio wananipa mawazo. Binti mmoja alinionyesha chupa yake ameishindilia pamba ili vidonge visigonge akitembea bwenini. Usiri wake umelindwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, lakini bwenini sheria haizuii masikio.

Halafu kuna wazee, na kundi lao linakua. Walioanza dawa miaka ile ya 2004 na 2005 wakiwa hoi, leo wana wajukuu. Virusi vimefubaa, sasa wanasumbuliwa na presha na kisukari. Dawa ya VVU anapewa bure dirisha hili, ya presha anaambiwa akanunue, na asiye na bima anarudi nyumbani na chupa moja badala ya mbili. Hili naomba wahusika waliangalie, maana hatukumwokoa mtu na UKIMWI ili aje aanguke kwa kiharusi.

Kuhusu shangazi, aombe barua ya uhamisho kwenye kituo chake cha Dar kabla hajasafiri, na aje na kadi yake. Asipoipata barua, asikae nyumbani kuisubiri huku vidonge vinaisha. Aje na kadi na chupa ya dawa anazotumia, atahudumiwa, na taarifa zake zitafuatiliwa baadaye. Akubali kuhesabika kama aliyehamia, asidanganye kuwa ni mpya, ili majibu yake ya wingi wa virusi yasipotee. Na kama anatumia metformini ya kisukari aseme siku ya kwanza, kwa sababu dolutegravir iliyomo kwenye kidonge cha sasa huongeza kiwango cha metformini mwilini, na daktari anaweza kuhitaji kumpunguzia dozi.