Diski ya kiuno iliyotoka: mpime mgonjwa kabla ya kufungua bahasha ya MRI

Mgonjwa wa mgongo akikukabidhi picha zake za MRI (zinazopigwa kwa sumaku), ziweke kando kwanza. Watu wengi wasioumwa popote wana diski (mito laini kati ya pingili za uti wa mgongo) zilizochomoza, kwa hiyo picha peke yake haikuambii kinachouma.

Muulize maumivu yanaishia wapi. Yanayobaki kiunoni mara nyingi si ya neva. Yakiteremka chini ya goti hadi mguuni, na kuzidi akikohoa au kupiga chafya, shuku mzizi wa neva umebanwa.

Mlaze chali. Shika kisigino kwa mkono mmoja, mwingine uweke juu ya goti lisikunjike, kisha inua mguu taratibu. Maumivu yakishuka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, kipimo ni chanya. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: mgonjwa akisema anavutwa nyuma ya paja, wanaandika chanya, kumbe ni misuli iliyokaza tu. Inua pia mguu usiouma. Ukiamsha maumivu ya upande wa pili, dalili hiyo ni adimu lakini ina uzito mkubwa.

Sasa tafuta neva yenyewe kati ya mizizi mitatu: L4 na L5 (ya nne na ya tano ya kiuno) na S1 (ya kwanza chini ya kiuno). L4: gonga chini ya goti uone kama mguu unaruka. L5: mwambie avute kidole gumba cha mguu juu huku ukikizuia, na pima ganzi upande wa juu wa mguu, kuelekea vidole. S1: gonga kano ya kisigino, kisha asimame kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, arudie mara 10. Usiipime nguvu ya kigimbi kwa mkono. Kina nguvu kukuzidi, na udhaifu mdogo utakupita. Kumbuka diski iliyo kati ya pingili za L4 na L5 kwa kawaida hubana neva ya L5, kwa kuwa neva ya L4 imeshatoka juu yake.

Mkojo ukiziba, haja kubwa ikimtoka bila kujua, au msamba ukifa ganzi, usisubiri: MRI siku hiyohiyo na daktari wa upasuaji aitwe. Dalili hizi wagonjwa huona haya kuzitaja, kwa hiyo ziulize waziwazi.

Bila dalili hizo, wala udhaifu unaoongezeka, kwa kawaida MRI husubiri kama wiki 6, maana wengi hupata nafuu. Eksirei haionyeshi diski. Huombwa ukishuku mfupa umevunjika. Mwenye kifaa cha moyo kisichoruhusu MRI hupigwa CT (picha za tabaka kwa eksirei na kompyuta).

Ndipo ufungue bahasha. Diski ikiwa imechomoza kushoto na mgonjwa anaumwa mguu wa kulia, hujapata jibu bado.