Mzazi Akipotelea Jangwani: Kwa Mkubwa Aliyeachiwa Wadogo

Watu wakisikia tulikulia jangwani bila baba huuliza tulipata wapi maji. Maji tulipata, kisima kilikuwepo na punda tulikuwa naye. Kilichotutesa ni kutojua. Baba alitoka kufuata ngamia waliopotea, hakurudi, wala hakuna aliyetuletea maiti au habari. Kwa hiyo haya nawaandikia kifunguamimba waliobaki na wadogo zao katika nchi kavu.

La kwanza: usimtume mdogo wako kutafuta, hata akililia kwenda. Mchana, uso wa mchanga huweza kufikia nyuzi 70 za Selsiasi. Mtu mzima anayetembea juani huweza kupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa, na mtoto hukaukiwa upesi kuliko yeye. Msako ni wa watu wazima wenye wanyama na maji ya akiba. Kazi yenu ni kuwapa maelezo: alitoka saa ngapi, alielekea wapi, alivaa nini, mifugo wana alama gani. Mkiweza, fikisheni maelezo hayo hayo kwa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu. Wana huduma ya kutafuta jamaa waliopotezana kwa vita, maafa au uhamaji, na kwa kawaida hawatozi kitu.

Sasa maji. Mimi ndiye niliyekuwa nikigawa kazi, basi tukakubaliana dada anayenifuata ndiye ashike maji. Nawashauri mfanye vivyo hivyo. Anayeamua nani aende kisimani akiwa ndiye pia anayeamua nani anywe, wadogo watamwogopa, na mtoto mwenye woga huficha kiu. Dada alikuwa mkali kweli (hadi leo ni mkali), lakini hakumnyima mtu maji ili kumwadhibu.

Tena msinyimane maji eti mnaweka akiba huku mtu anazimia. Cha kubana ni jasho. Kazi nzito zifanyike alfajiri na baada ya jua kuzama; mchana kaeni kivulini, nguo pana zifunike mwili, na msikae juu ya mchanga wenyewe ikiwa kuna kitanda au chanja. Tazameni mkojo: ukiwa wa rangi nzito, au mtoto asipokojoa kwa muda mrefu, anywe zaidi. Akiharisha, changanyeni vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, anywe kidogo kidogo. Kisima kikikauka, chimbeni kwenye mto mkavu, upande wa nje wa kona, mahali mchanga una unyevu. Ila msilale humo hata siku moja. Mvua ikinyesha mbali msikoiona, mafuriko huwafikia chini ya anga jeupe.

Kusubiri ndiko kugumu zaidi. Pauline Boss, mtafiti wa Marekani, alichunguza katika miaka ya 1970 familia za wanajeshi waliopotea vitani, akaona kuwa kumlazimisha mtu achague kati ya “yuko hai” na “amekufa” humtesa bure. Anaweza kubeba yote mawili: huenda atarudi, huenda hatarudi. Kwetu, kaka mdogo alikuwa akitandika kitanda cha baba kila jioni, na dada alikwisha kulia akamaliza. Waligombana sana. Nilichosimamia ni hiki: vitu vinavyohitajika vitumike, yaani kiriba, viatu na tandiko la punda, kitanda kibaki, na asichekwe anayekitandika. Sikumwambia yeyote aamini ninachoamini mimi, na nadhani ndiyo sababu hatukutawanyika.

Jambo la mwisho ni kuhama, kwa sababu malisho yakiisha mtahama tu. Wadogo hugoma. Husema baba akija atakuta patupu. Usibishane nao. Acheni maagizo kwa watu watatu tofauti wasiohama pamoja: mwenye kisima, mchungaji wa ng'ambo, mfanyabiashara anayepita. Yawe mafupi: tumeelekea wapi, tutakaa mpaka lini, tutafuata njia ipi. Mwache kitindamimba ayaseme mwenyewe. Wetu alimfanya mwenye kisima ayarudie, akamsahihisha, ndipo akakubali kupanda punda.