Wakala anakudai ada ya kwenda kuvuna Kent?

Ndugu, umeeleza kwamba wakala anakudai ada ili akupeleke Kent, Uingereza, kuchuma tufaha na hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu. Nakusihi usimlipe: viza ya mfanyakazi wa msimu hupitia kwa waendeshaji, yaani mashirika ya kuajiri, walioidhinishwa na serikali ya huko, nao hawaruhusiwi kutoza ada ya kuajiri, ingawa gharama ya viza na nauli ni zako. Kwa kuwa muda wake hauzidi miezi 6, piga hesabu kabla ya kukopa, na uhakikishe mkataba unaahidi malipo ya angalau saa 32 kwa wiki. Hopsi huvunwa hasa Septemba. Mashina yake yenye vinyweleo vikali yalinichubua vibaya, hivyo vaa glavu na shati la mikono mirefu. Iwapo umeshalipa, au wakala ameshikilia pasipoti yako, muone wakili au polisi mara moja.